Ibn Khaldun: Mwanazuoni Aliyeijua Dola kwa Ndani



Sisi tunaosoma sayansi ya siasa na uhusiano wa kimataifa hufundishwa nadharia ya uhalisia tangu mwanzo kabisa wa masomo. Tunaambiwa kwamba juu ya madola hakuna polisi wala hakimu, kwamba kila dola hujilinda yenyewe, kwamba hofu na maslahi ndiyo yanayoziendesha, na kwamba anayetaka kuelewa vita na amani aanze kwa kuuliza nani ana nguvu na ana kiasi gani. Kisha yanafuata majina: Thucydides wa Ugiriki ya kale, Machiavelli wa Italia, Hobbes wa Uingereza, na Hans Morgenthau, Myahudi wa Ujerumani aliyehamia Marekani na kuchapisha kitabu chake kikubwa mwaka 1948. Wote wana haki ya kusomwa na sina ugomvi nao. Lakini kati ya Thucydides na Machiavelli kuna pengo la karibu miaka elfu mbili, na ndani ya pengo hilo yupo Mwislamu mmoja ambaye mihadhara mingi humruka, au humtaja kwa sentensi moja na kuendelea.

Makala haya ni maisha yake. Tukitaka kujisifu tu kwamba wetu alitangulia, aya moja ingetosha. Mimi kilichonivuta ni kwamba maisha ya mtu huyu yanauliza swali ambalo vitabu vya nadharia hulipita haraka: mtu akishaijua dunia ya nguvu jinsi ilivyo, aishi vipi ndani yake?

Mtoto wa wakimbizi

Abdulrahman bin Muhammad, maarufu kwa jina la Ibn Khaldun, alizaliwa Tunis tarehe 1 Ramadhani mwaka 732 Hijria, sawa na tarehe 27 Mei 1332. Ukoo wake asili yake ni Hadhramaut, huko huko walikotoka mababu wa masheikh wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, ila wao walielekea magharibi. Walikaa Andalusi karne nyingi, wakawa watu wakubwa wa mji wa Ishbilia, ambao leo ni Seville, na wakauhama kabla haujaangukia mikononi mwa Wakristo wa Castile mwaka 1248. Walipofika Tunis walirudi kwenye kazi waliyoizoea, kuwatumikia watawala. Baba wa babu yake alisimamia hazina ya sultani, na mnyang'anyi mmoja alipokipora kiti cha enzi alimtesa mzee huyo kisha akamnyonga. Baba yake Ibn Khaldun aliachana kabisa na siasa akashika vitabu.

Kijana alihifadhi Qur'ani, akasoma hadithi, fiqhi ya Imam Malik, nahau na mashairi. Mwaka 1347 sultani wa Fez, Abu al-Hasan, aliiteka Tunis akaja na msafara wa wanazuoni. Mmoja wao, al-Abili, alimfundisha mantiki, hesabu na falsafa, na mwanafunzi alimheshimu maisha yake yote. Kisha ikaja tauni, ile iliyozifagia Asia, Ulaya na Afrika Kaskazini. Ilimchukua baba, ikamchukua mama, ikachukua na walimu wengi. Alibaki yatima akiwa na miaka 17. Miaka mingi baadaye, alipoeleza kwa nini historia inahitaji kuandikwa upya, aliitaja tauni hiyo kuwa ndiyo iliyoigeuza dunia aliyoijua.

Hapo sharti tuutazame uwanja aliokulia. Dola ya Muwahhidun, iliyowahi kuitawala Afrika Kaskazini pamoja na Andalusi, ilikuwa imevunjika katika karne iliyotangulia. Vipande vyake vilikuwa tawala tatu: Wahafsi wa Tunis, Wazayyani wa Tlemcen na Wamarini wa Fez. Hakuna aliyekuwa na nguvu za kuwameza wengine wawili na kuwashika. Abu al-Hasan alijaribu. Aliichukua Tlemcen mwaka 1337, akaichukua Tunis miaka kumi baadaye, na mwaka 1348 makabila ya Kiarabu yakalivunja jeshi lake karibu na Kairouan, huku mwanawe mwenyewe, Abu Inan, akijitangaza sultani nyuma yake. Ng'ambo ya bahari, Granada iliishi kwa kuwapima Wamarini upande mmoja na wafalme wa Kikristo upande wa pili. Katikati ya wote walikuwepo watu wa jangwani na milimani, wenye farasi na mikuki, waliouza msaada wao kwa anayelipa vizuri zaidi. Wote walikuwa Waislamu, wengi wao wa madhehebu moja, na hilo halikuwazuia kuchinjana. Mwanafunzi wa uhalisia angeutambua mchezo huo mara moja.

Kutoka ikulu hadi gerezani

Kazi ya kwanza aliipata akiwa na miaka 20 hivi: kuandika kwa kalamu nene maneno ya kumhimidi Allah juu ya barua rasmi za sultani wa Tunis. Ilikuwa kazi ya heshima lakini ya kumchosha kijana mwenye akili kama ile, na nafasi ya kwanza ya kutoroka ilipotokea aliitumia. Kufikia mwaka 1354 alikuwa Fez, katika baraza la wanazuoni wa Abu Inan.

Ni katika mji huo huo ambapo Ibn Battuta, yule msafiri aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka mmoja hivi kabla ya Ibn Khaldun kuzaliwa, alikuwa amerudi na hadithi zake za India na nchi za mbali. Watu wa ikulu walinong'ona kwamba ni mwongo, na Ibn Khaldun naye aliingiwa na shaka. Waziri mmoja mzee akamwonya: asikatae jambo kwa sababu tu hakulishuhudia. Funzo hilo aliliweka baadaye katika kitabu chake, na akaongeza la kwake, kwamba habari ipimwe kwa maumbile ya mambo, je, inawezekana au haiwezekani. Historia yake yote imejengwa juu ya kipimo hicho.

Kipimo hicho hakikumsaidia kuyapima mazingira yake. Mwaka 1357 alikamatwa kwa kushirikiana kwa siri na Abu Abdallah, mtawala wa zamani wa Bijaya aliyekuwa akishikiliwa Fez, akatiwa gerezani karibu miezi 21. Alitoka baada ya Abu Inan kufa. Waziri ndiye aliyemfungulia. Haukupita muda, Ibn Khaldun akamgeuka waziri huyo na kusaidia kumweka Abu Salim kwenye kiti cha Fez. Akawa katibu wa siri wa sultani mpya. Mwaka 1361 Abu Salim naye akapinduliwa.

Akavuka bahari kwenda Granada, ambako sultani Muhammad wa Tano na waziri wake mshairi, Lisan al-Din Ibn al-Khatib, walimpokea kwa furaha, kwa maana alikuwa amewafaa walipokuwa uhamishoni Fez. Mwaka 1364 alitumwa Seville kuwa balozi kwa mfalme Pedro wa Castile, ambaye historia imempa lakabu ya Mkatili. Fikiria, msomaji, mtu anasimama katika mji ambao mababu zake waliupoteza, anaziona alama za ukoo wake, na mfalme wa Kikristo anamwambia abaki naye atarudishiwa mali ya wazee wake. Alikataa kwa adabu, akamaliza ujumbe wa amani aliotumwa, akarudi Granada.

Mwaka 1365 yule mwenzake wa njama za Fez, Abu Abdallah, alikuwa ameupata tena mji wake wa Bijaya, akamwita awe hajib, yaani msimamizi mkuu wa dola. Hicho kilikuwa cheo kikubwa kuliko vyote alivyowahi kushika. Aliendesha serikali, akaenda mwenyewe milimani kukusanya kodi kwa Waberber waliogoma kulipa, na kazi za dola zilipokwisha alikaa msikitini kufundisha. Mwaka mmoja tu. Mwaka 1366 binamu wa Abu Abdallah, Abu al-Abbas wa Constantine, alimshambulia na kumwua. Baadhi ya watu wa Bijaya walitaka mmoja wa watoto wa marehemu atangazwe mtawala na mji upigane. Ibn Khaldun alitoka nje akaukabidhi mji kwa muuaji.

Hapa ndipo wanaompenda huanza kutafuta maneno. Nami nimejaribu kumtetea. Mtawala alikuwa amekwisha kufa, waliobaki walikuwa watoto, na mji ungeteketea bila faida. Mwalimu yeyote wa uhalisia angempa alama kamili kwa hesabu hiyo. Lakini marehemu alikuwa rafiki aliyefungwa naye kwa jambo moja, na watoto wale walikuwa wa rafiki huyo. Hesabu yake ilikuwa sahihi, na bado inauma kuisoma. Wala haikumlinda. Baada ya muda mfupi Abu al-Abbas alianza kumshuku, akamfunga mdogo wake Yahya, naye Ibn Khaldun akakimbilia kwa makabila ya Biskra.

Miaka tisa iliyofuata nitaipita haraka kwa sababu inajirudia: sultani huyu amtume kwa makabila kutafuta wapanda farasi, sultani yule amkamate, kisha naye amtume kwa makabila yale yale. Moja tu lisipitwe. Ibn al-Khatib, rafiki yake wa Granada, alimkimbia bwana wake akahamia kwa Wamarini. Granada ilimtaka. Ibn Khaldun alijaribu kumwombea kwa wakubwa wa Fez, lakini kukabidhiwa au kuuawa kwa waziri yule kulikwisha kuwa bei ya mapatano kati ya dola mbili. Mwaka 1374 alinyongwa gerezani.

Ngomeni

Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 43 hivi, sultani wa Tlemcen alimtuma tena kwa makabila. Alionyesha kukubali, akatoka mjini, kisha akageuza njia. Kabila la Awlad Arif lilimpokea likamweka yeye na familia yake katika ngome ya Ibn Salama, karibu na mji wa Frenda katika Algeria ya leo. Hapo alikaa zaidi ya miaka mitatu, na mwaka 1377, kwa miezi mitano tu, akaandika rasimu ya Muqaddima, utangulizi wa historia yake kubwa ya ulimwengu, Kitab al-Ibar. Machiavelli alimaliza kitabu chake kuhusu watawala mwaka 1513. Hobbes alichapisha chake mwaka 1651.

Anaanza mahali ambapo Hobbes ataanzia. Mwanadamu hawezi kuishi peke yake. Hata mkate wa siku moja unahitaji mkulima, mhunzi na mwokaji. Lakini uchokozi nao umo ndani yake, na silaha alizobuni dhidi ya wanyama hazimkingi dhidi ya mwenzake, kwa sababu mwenzake anazo. Basi lazima awepo wa kuwazuia, mwenye mkono wenye nguvu. Hiyo ndiyo mamlaka.

Swali lake la pili ndilo linalompa nafasi ya peke yake. Wanauhalisia huhesabu askari, mizinga, na siku hizi uchumi na vichwa vya nyuklia. Ibn Khaldun anauliza jambo lililo nyuma ya hesabu hiyo: askari huyo kwa nini asikimbie? Jibu lake ni asabiyya, ule mshikamano wa watu wanaoonana kuwa damu moja, kwa nasaba au kwa kuishi na kuteseka pamoja, kiasi kwamba dhuluma kwa mmoja inawauma wote. Anasema dini huuzidishia mshikamano huo nguvu kwa kuondoa husuda na kuwaelekeza wote upande mmoja. Ndiyo maana Waarabu wachache wa zama za Makhalifa waongofu waliyashinda majeshi makubwa kuliko wao. Kizazi cha kwanza hupigana na kujenga dola. Cha pili kilimwona baba akipigana, kinakumbuka kiasi. Cha tatu kimezaliwa kwenye mazulia, kimesahau, na hulipa wageni wakilinde. Miaka 40 kwa kila kizazi, jumla miaka 120 hivi, kisha wengine wenye njaa na mshikamano wanatoka pembezoni na kubisha hodi.

Kenneth Waltz, katika kitabu chake cha mwaka 1979, alitufundisha kutazama mfumo wa madola kwa nje, kana kwamba kila dola ni mpira wa mawe kwenye meza moja. Mtu wa Tunis alitazama ndani ya mpira. Alikuwa ameona tawala zikianguka kwa mashambulizi ya nje baada ya kuoza ndani kwa muda mrefu.

Kodi nazo hazikumpita. Dola changa hutoza kidogo na hupata kingi, kwa sababu watu wana hamu ya kulima na kufanya biashara. Dola iliyozeeka ina ikulu kubwa na jeshi la kukodi, hupandisha viwango, watu wanavunjika moyo, mapato yanashuka, viwango vinapandishwa tena. Ndipo anapofika kwenye dhuluma. Kuchukua mali ya mtu bila haki, kumfanyisha kazi bila ujira, kumlazimisha auze kwa bei ya sultani: mambo haya huua hamu ya kazi, miji hubaki mitupu, na dola hufa pamoja na miji. Anaileza dhuluma kama daktari anavyoeleza ugonjwa, kwa sababu zake na matokeo yake, na hapo hapo anaona hekima ya sheria ya Kiislamu kuiharamisha.

Kuna sura nyingine ambayo ningependa kila kiongozi wa jumuiya yetu aisome kabla ya kushika kipaza sauti. Ndani yake anasema kwamba hata wito wa dini hausimami bila watu wa kuubeba na kuulinda. Anawataja waliojitokeza Baghdad mwanzoni mwa karne ya tatu Hijria wakitaka kuamrisha mema na kukataza mabaya bila nguvu yoyote nyuma yao, wakaishia vibaya, na baada yao wajinga na wadanganyifu waliowaiga. Anawaheshimu wenye nia njema miongoni mwao, lakini hawapi udhuru wa kutoijua dunia waliyoingia. Ni sura ngumu. Nimeijadili na wenzangu chumbani hadi usiku wa manane na hatukukubaliana.

Je, huyu ni mwanauhalisia kama wale wengine? Karibu, na hapo kwenye karibu ndipo penye jambo. Anagawa utawala mara tatu. Upo wa matamanio, mtu anatawala kwa hawaa yake. Upo wa akili, ambapo watu hupanga mambo kwa maslahi yao ya dunia. Na upo wa ukhalifa, unaowaelekeza watu kwenye maslahi ya dunia na akhera kwa mizani ya sheria ya Allah. Morgenthau na wenzake wanaishi katika aina ya pili na wanatufanyia kazi nzuri humo. Ibn Khaldun aliijua aina hiyo ya pili pengine kuliko wao, maana ilimfunga na kumwinua, lakini hakudhani kwamba ndiyo mwisho wa habari. Vita pia anavigawa mara nne: vya makabila jirani yanayooneana wivu, vya uporaji wa watu wa nyikani, vya jihadi, na vya dola dhidi ya waasi wake. Viwili vya kwanza anavihesabu dhulma na fitna, viwili vya mwisho ni halali kwake. Anayefikiri kwamba kuona nguvu ilivyo ni kuacha kupambanua haki na batili amsome hapo.

Sitamficha aibu zake. Aliposema juu ya watu weusi wa nchi za joto kali aliandika maneno ya dharau ambayo mtu wa Afrika hawezi kuyasoma bila kukunja uso. Alikataa ile hekaya ya laana ya Ham, akasema rangi hutokana na jua na hewa, na hilo lilikuwa jema. Kisha akalipoteza jema hilo kwa kutupa sisi tabia za kubuni.

Kadhi asiyepindika

Mwishoni mwa mwaka 1378 alirudi Tunis kwa sababu alihitaji maktaba, na sultani aliyempokea alikuwa Abu al-Abbas, yule yule wa Bijaya. Mufti mkuu wa mji, Ibn Arafa, hakumpenda. Mwaka 1382 aliomba ruhusa ya kwenda Hija, akapanda jahazi, na hakurudi tena magharibi. Cairo, mji mkuu wa Mamluki, ilimstaajabisha kwa ukubwa. Alifundisha al-Azhar, na mwaka 1384 sultani Barquq alimteua kuwa kadhi mkuu wa madhehebu ya Maliki.

Mtu yule aliyeyumba kati ya masultani watano au sita sasa akawa chuma. Alikuta mashahidi rasmi wanaoghushi hati za wakfu, mamufti wanaouza fatwa kwa pande zote mbili za kesi, na wakubwa wanaotuma salamu kwa kadhi kabla ya hukumu. Akaadhibu wa kwanza, akanyamazisha wa pili, na wa tatu akawarudisha mikono mitupu. Kelele zilijaa mji: mkali, mgeni, hajui desturi. Alikataa hata kuacha nguo zake za Kimaghribi. Katika mwaka huo huo, merikebu iliyokuwa ikiileta familia yake kutoka Tunis, baada ya Barquq mwenyewe kumwombea ruhusa, ilizama kwa dhoruba. Kufikia mwaka 1385 alikuwa ameondolewa kwenye ukadhi. Mwaka 1387 alihiji.

Sisemi kwamba alikuwa amebadilika kabisa. Barquq alipopinduliwa mwaka 1389, waasi waliwataka wanazuoni watie sahihi fatwa dhidi yake, na jina la Ibn Khaldun lilikuwemo. Barquq alirudi, akamnyang'anya uongozi wa khanqa aliyokuwa amempa. Utetezi ulikuwa kwamba walishurutishwa. Mwanafunzi wake al-Maqrizi alimsifu sana. Ibn Hajar al-Asqalani alinukuu pia mengi mabaya juu yake. Ukadhi aliurudia mwaka 1399, akaondolewa tena, na kwa jumla aliushika mara sita.

Mbele ya Timur

Mwishoni mwa mwaka 1400, Timur, mshindi mlemavu wa mguu kutoka Samarkand, alikuwa ameiteketeza Halab na anaielekea Damascus. Sultani mdogo wa Misri, Faraj mwana wa Barquq, alitoka na jeshi, na Ibn Khaldun akachukuliwa pamoja na makadhi. Kisha zikaja habari za njama Cairo. Sultani na maamiri wake waliondoka usiku wakaiacha Damascus na watu wake. Ndani ya mji wakubwa waligawanyika kati ya kupigana na kusalimu amri. Mzee wa miaka 68 aliomba ateremshwe kwa kamba kutoka juu ya ukuta, akaenda kwenye hema la Timur. Ilikuwa Januari 1401.

Alikaa karibu na kambi hiyo siku 35. Alimpelekea msahafu, mswala, nakala ya Burda na masanduku manne ya halua ya Misri. Alimsifu kupita kiasi, akamweleza kwamba ufalme husimama kwa asabiyya na kwamba hakuna aliyekuwa nayo kama yeye na Waturuki wake. Ilikuwa sifa, na ilikuwa pia nadharia yake aliyoiandika ngomeni miaka 23 kabla. Timur hakuwa na haja ya nadharia. Aliuliza Tanja iko wapi, Sabta iko wapi, Fez ina umbali gani kutoka baharini, Sijilmasa je. Majibu ya mdomo hayakumtosha, akataka yaandikwe. Ibn Khaldun akarudi mjini, akaandika maelezo ya nchi aliyozaliwa, akamkabidhi mtu aliyekuwa akichoma miji.

Aliyoyaomba kwa malipo yake ni usalama wa watumishi wa serikali ya Misri walioachwa nyuma, makarani na wasomaji wa Qur'ani, na Timur aliwapa. Damascus haikupata. Iliahidiwa amani, ikakamuliwa mali yake, kisha ikaporwa, na moto ukafika mpaka Msikiti wa Bani Umayya. Yeye mwenyewe aliuandika moto huo kuwa ni ubaya uliovuka mpaka.

Siku za mwisho Timur alimwuliza kama ana nyumbu, akamtaka amwuzie. Alimpa. Njiani kurudi alivamiwa na wanyang'anyi karibu na Safad, wakamwacha bila nguo. Bei ya nyumbu ilimfuata hadi Cairo, naye akakataa kuigusa mpaka sultani wa Misri alipomruhusu.

Alipotulia aliandika barua kwa sultani wa Maghribi. Humo alimweleza Watatari ni akina nani, wametoka wapi, wana nguvu kiasi gani, na Timur ni mtu wa namna gani. Kwa hiyo kila upande ulipata maelezo ya upande wa pili kutoka kwa kalamu moja. Timur alielekea kuwapiga Waothmani, kisha akageukia China, akafa njiani mwaka 1405. Maghribi hakufika.

Ibn Khaldun alirudishiwa ukadhi mara ya sita mwanzoni mwa mwaka 1406. Wiki chache baadaye, ndani ya mwezi wa Ramadhani aliozaliwa, tarehe 17 Machi, alifariki akiwa bado kazini. Allah amrehemu na amsamehe. Alizikwa katika makaburi ya Masufi nje ya Bab al-Nasr, Cairo, na kaburi lake leo halijulikani lilipo.